Daftari la Spea, Wadi Kabir

Kanali mstaafu Thuwaini alichora mshale
kwa wino mzito, juu ya boksi la fenibelti,
siku ya tatu ya vita vile vya mbali:
"Hapa wataingia. Hapa daraja. Hapa ikulu.
Ijumaa watakunywa chai mjini."
Kaka yangu Muhanna akacheka, akammiminia kahawa.
Mimi nilikuwa nahesabu springi za lori.
Arobaini na moja. Nikaandika.

Ijumaa ikapita. Zikapita Ijumaa
nikaacha kuzihesabu, maana kazi yangu
ni kuhesabu vyuma.

Katika ua wetu hapa Wadi Kabir
jua la Juni huchoma mpaka boliti zikanuka,
na kila lori lililokufa hulala ubavu
likisubiri kuchunwa: leo taa, kesho pampu,
keshokutwa mlango wa kushoto peke yake.
Hakuna anayenunua lori zima.
Bandubandu huisha gogo. Sikuambiwa:
nimeliona gogo la tani thelathini likiisha
kwa spana namba kumi na tisa
mkononi mwa Rafikul, asiye na haraka.

Kwa hiyo Kanali akija na ramani mpya,
akisema, "Wana vifaru maelfu, Shinuna,
wana watu kama mchanga,"
mimi humuuliza maswali ya dukani.
Tairi je? Nani anabadilisha oili?
Fundi aliyeijua injini ile kwa mlio wake,
bado yuko gereji, au naye wamempa bunduki?
Hunitazama kama aliyesikia kabati likizungumza.

Mwaka wa tatu, mwezi wa kufunga, simu ikalia.
Mtu wa nchi ile, ile yenye mshale.
Kiarabu chake cha kusomea, sauti imekauka:
anataka giaboksi za malori ya zamani, modeli
ambayo hata wabeba kokoto wa Barka wameshaitupa.
Ngapi?
Zote mlizonazo.
Nikamtajia bei ya kumfukuza.
Akasema, "Sawa."
Sawa! Hata hakukohoa.

Miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta:
mwenye mali huomba kupunguziwa.
Asiyeuliza bei, nyuma yake pana mtu
anayemwogopa kuliko ufukara.
Waliupanda mchongoma kwa tarumbeta na bendera;
kushuka ndiyo ngoma,
na aliyewapandisha hataki kusikia neno ngazi.

Siku tisa baadaye ikaja simu ya pili,
upande uliovamiwa. Mwanamke.
Nyuma yake king'ora, na mtoto anaomba maji.
Giaboksi zile zile.
Alibishana bei saa nzima! Akataka punguzo,
akataka tumlipie meli, akauliza
kama mwakani tutaleta nyingine,
na dhamana je, ya miezi mingapi?
Miezi. Chini ya mabomu.
Nikaweka simu, nikakaa na kalamu mkononi.

Usinifanye mnajimu. Sijui nani atashinda.
Mwanamke yule naye ana ndugu wanaopungua,
na daftari la watu halina ukurasa wa marejesho.
Huenda wote wawili wakaishia kulala ubavu,
wakichunwa taa na milango.
Ninachojua ni deni la aliyevamia:
kila kilomita anayoimeza
inamdai askari wa kuilinda,
askari anadai mkate, mkate unadai lori,
lori linadai giaboksi,
na giaboksi ziko kwangu, rafu ya chini, saba,
zina kutu masikioni,
na nimeziandikia jina la mwanamke.

Muhanna alinuna siku mbili kwa faida iliyotuponyoka.
Kanali hakusema kitu. Aliomba tu boksi lake.
Nikamwonyesha: Rafikul amelitandika uani
chini ya injini inayovuja,
oili nyeusi inadondoka tone, kisha tone,
tangu Idi mpaka leo.
Mshale umebaki mkia.