Boliti za Safari

Mwalimu Ambilikile alipiga simu saa moja asubuhi,
mvua haijaamua kuacha.
Binti wa Mwaisumo, mashine yangu inatembea.
Zote hutembea, nikamwambia. Yako inafika wapi?
Jana imefika mlangoni.

Nikapanda Makandana na begi langu la spana.
Nyumba mpya, ukuta bado unanuka saruji,
na mashine katikati ya chumba,
imevuta waya hadi mwisho
kama mbuzi aliyeona mahindi.
Majirani walidhani ni tetemeko.
Huku Rungwe ardhi hujikuna usiku,
hakuna anayetoka kitandani kwa mtikisiko mmoja;
ila huu ulirudi kila Jumamosi, saa nne kamili.

Kwanza mzigo.
Nikafungua: blanketi moja, limelewa maji,
limejikunyata upande mmoja kama mtu aliyenuna.
Blanketi peke yake halizunguki, mwalimu, linapiga.
Litilie mashuka mawili, lipate wa kuegemeana naye.
Mashuka yamebaki Dar, akasema, kwa mama watoto.
Atakuja Desemba.
Alisema Desemba akitazama dirisha.

Pili sakafu.
Pimamaji langu liko kwa shemeji anayejenga Katumba,
nikaomba bakuli la uji,
nikalijaza hadi ukingoni, nikalitua juu ya mashine.
Maji yakaelekea bondeni,
kama kila kitu katika mji huu.
Nikazungusha mguu wa mbele, robo, robo tena,
nikakaza nati, maji yakalala sawasawa
hata nikaona pua yangu ndani yake.
Nikajisifu mapema.
Ilipoanza kukamua,
gudu, gudu, gudugudugudu,
bakuli likaruka, likapata ufa.

Basi sikio.
Beringi ikifa hunguruma,
lori la mbao kwenye mlima, gia ya kwanza.
Huu haukuwa mngurumo.
Basi kiganja.
Shokomzoba zikichoka, ukilikandamiza pipa
linadunda mara tatu, nne, ndipo litulie.
Nikalikandamiza.
Halikudunda. Halikushuka hata kidogo.
Nilikuwa nasukuma ukuta.

Pipa la kufulia limening'inizwa kwenye springi,
limepewa ruhusa ya kuyumba.
Likinyimwa, nyumba nzima itayumba badala yake.

Nikaigeuza mashine, nikamulika mgongo kwa simu.
Boliti nne, zimekazwa na mtu mwenye nguvu na hofu.
Nani alizifunga?
Mimi, akasema.
Nilizitunza miaka kumi na moja ndani ya kopo la kahawa,
nikijua iko siku tutarudi nyumbani.
Usiku wa kuamkia safari nikazirudisha mwenyewe,
pipa lisije likaumia Kitonga.

Na kweli halikuumia.
Lilishuka hapa salama, na miezi miwili sasa
limekaa kama abiria aliyesinzia, mkoba kifuani,
basi lilishazimwa, kondakta amekwenda kula.

Spana namba kumi na tatu.
Ya kwanza ililia. Ya pili, ya tatu.
Ya nne nikamwachia yeye.

Tuijaribu, nikasema, ila blanketi linataka wenzake.
Akaingia chumba cha ndani.
Kwa mlango niliona maboksi, yamepangwa hadi darini,
kamba za katani bado zimekaza mafundo yake ya Temeke.
Nikasikia kisu. Kamba moja tu.
Akarudi na mapazia mawili
na kanga ya zambarau iliyokunjwa vizuri mno.
Hii nayo? Nayo, nikasema. Tia.

Ikazunguka. Ikapanda kasi, ikapanda,
pipa likicheza kidogo ndani ya ngozi yake,
na mashine palepale.
Tulisimama tukiitazama kama watu kwenye mpira.

Elfu kumi na tano, toa bei ya bakuli.
Boliti akazifuta kwa shati, moja moja,
akazirudisha ndani ya kopo, akafunika.
Sikumwuliza. Kanuni inasema zitunzwe,
na mimi ni fundi wa mashine.