Mlima wa Kiplefti

Kila Mei, kabla ya sherehe, manispaa huniita.
Hunipa ngazi, ndoo nne, brashi iliyokwisha manyoya,
na mlima.

Si ule wa Mungu. Huu umefinyangwa kiwandani
kwa nyuzi za kioo na gundi inayonuka kama zahanati,
ukapandwa katikati ya kiplefti, ndani mtupu,
na katika utupu huo taa za manjano,
ili usiku uonekane unawaka
kama ulivyowaka wa kweli
alasiri ile, nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

"Rangi gani?" namuuliza mkaguzi, Bwana Lodhi,
ingawa jibu nalijua.
"Nyeupe. Watu wanataka kuuona ulivyogeuka."
Nami, Gohram mwana wa Shahdad,
niliyepoteza mbuzi watatu kwenye mikunjo yake,
naujua kabla haujageuka:
rangi ya ngamia aliyenyeshewa.

Askari walikuja na malori. Chukueni mablanketi, walisema,
mbwa waacheni.
Mama akauliza, ni vita? Wakasema, hapana, ni heshima.
Hakuwahi kuona heshima ya malori saba.

Tulikuwa ng'ambo ya bonde la chumvi
ardhi ilipojinyanyua chini yetu kama ng'ombe anayeamka.
Mlio sikuusikia.
Mlima ulipauka tu,
kama uso wa mtu aliyepokea habari ya msiba mbele za watu.

Jioni redio ikatangaza: sasa sisi ni taifa.
Baba, kichwa ubavuni mwa mbuzi, akauliza,
"Na jana tulikuwa nani?"
Mbuzi akapiga teke ndoo.

Shuleni mwalimu alitukaririsha, rula ikigonga meza:

  *Jirani kapiga tano, nasi tumejibu sita,*
  *Leo hatuna mfano, dunia yote yasita,*
  *Tumewaonyesha meno, wenye kuitaka vita,*
  *Mlima ni jina letu, na nani atatufuta?*

Nilikariri bila kukosea, nikazawadiwa kalamu.
Katika somo la hesabu, mwalimu yuyo huyo,
ukimjibu sita panapotakiwa tano
alikuchapa.

Leo wageni wanapita. Bwana Lodhi anatokwa jasho:
magari meusi, wajumbe wa nchi zinazotukopesha,
sharti wauone mlima kabla ya kuiona meza ya mazungumzo.
"Wajue kwanza sisi ni nani," anasema,
"ndipo tuombe."
Neno la mwisho analisemea begani.

Msafara unazunguka. Mama mmoja wa kigeni ainua simu.
Nami nimo, bila shaka, katika picha yake:
doa la buluu lililofungwa kamba kiunoni,
likiipaka theluji isiyo theluji.

Kuna mlango mdogo wa fundi umeme, upande wa kaskazini.
Ndani yake, mahali pa upana wa shubiri,
kila mwaka nachanganya rangi yangu mwenyewe, ile ya ngamia,
napaka, nafunga.
Sijamwambia mtu. Sijui hata napakia nini.

Usiku, kizuizini, askari anamulika kitambulisho changu.
Anasoma wilaya. Anairudia.
Anamwita mwenzake.
"Chagai? Huku mjini unatafuta nini?"
Anataka ukoo, anataka kijiji,
anataka mtu anayenijua hapa.
Namtajia mkaguzi. Simu ya mkaguzi haipatikani.

Nyuma yake, juu ya mapaa, mlima umewashwa,
mkubwa, wa manjano, ungedhani jua limesahau kutua.
Kidole changu kingeufikia.

"Na hii nyeupe mikononi ni nini?"
"Mlima, afande."
"Usinifanyie mzaha," akasema,
akanionyesha pa kukaa, chini,
kando ya wengine wawili wasionitazama.