Nondo ya Babu

Leo nimefungua sanduku lako la mbao,
lile tulilokatazwa hata kuliegemea.
Spana tatu. Katani iliyoviringwa kama nywele za Bibi.
Kopo la grisi. Barua za kiinua mgongo
ulichokifuatilia miaka minne,
Tandika hadi Posta, Posta hadi Tandika,
ukirudi na jibu moja: "Wamesema kesho kutwa."

Na nondo.
Fupi, upande mmoja imesuguliwa inang'aa,
upande uliokuwa ukiuweka sikioni.

Nilikuwa na miaka saba uliponichukua usiku,
Barabara ya Chang'ombe tupu kama sahani iliyorambwa.
Ukaisimamisha nondo ardhini, ukapiga goti.
"Shani, nyamaza. Maji yanasema."
Mimi nikasikia damu yangu tu.
Wewe ukahesabu hatua kumi na mbili,
ukafika kwenye kibanda cha mshona viatu,
ukachora duara la chaki.
"Hapa linalia."
Asubuhi wenzako wakachimba.
Lilikuwa linalia.

Bibi Zuhura alikuita bubu wa kuajiriwa.
Maneno yako yalikuwa nusu mkate ndani ya gazeti,
kandambili iliyoungwa kwa waya usiku
ili asubuhi mtu asione aibu shuleni.
Idrisa alipobanwa na pumu
ulilaza sikio kifuani pake, ukatikisa kichwa:
"Huyu anavuja upepo,"
ukambeba mgongoni mpaka Hospitali ya Temeke,
na ulipofika ndipo ulipogundua
kwamba uko peku.

Sisemi ulikuwa malaika.
Ulimnunia baba miaka miwili
kwa kuuza baiskeli yako bila kuuliza.
Wanasema aliporudi amenibeba, nina wiki sita,
hukumtazama usoni.
Ulinipokea tu, ukasema, "Mtoto ana njaa,"
na kesi ikaishia hapo, bila wazee, bila kikao.

Na hili Bibi hakukusamehe kabisa:
wewe uliyefungua koki za Keko, za Mtoni, za Kurasini,
uani kwako bomba lilifika mwisho.
Miaka kumi na mmoja ndoo ilikaa kichwani kwake
kwa sababu Mwinshehe Kibwana Pazi
haruki foleni.

Siku ya kukuosha, maji yakakatika.
Tandika nzima, kavu.
Wanaume wakasimama nje ya chumba, mikono mitupu,
mwoshaji ameshakunja kanzu.
Baba akacheka, Babu, akacheka mpaka akakaa chini,
na kucheka kule kukageuka.

Ndipo wakaanza kuja.
Kijana wa juisi ya miwa na dumu lake la njano.
Mama Nyangeta, aliyegombana nawe kila masika
kwa ajili ya mfereji,
akaweka ndoo mlangoni, hakusema neno, akarudi kwake.
Akatumwa mtoto na kibirika.
Kibirika!
Nilihesabu ndoo hadi thelathini, nikapoteza.
Maji yalitosha, yakabaki.
Bibi akasema, "Mwagieni mpapai,
asije akaamka kutugombeza kwa kupoteza maji."

Bomba la uani linadondoka tangu arobaini.
Fundi nimempigia mara mbili,
na mara mbili nimemwambia asije.

Usiku huu nimetoka na nondo yako.
Nimepiga goti pale palipokuwa na kibanda,
sasa wanauza vocha na chipsi.
Hii barabara haina tena usiku, Babu.
Mlinzi ananimulika tochi, anauliza nimedondosha nini.
Namwonyesha kidole: nyamaza.
Sikio kwenye chuma,
nangoja upenyo
kati ya bodaboda moja na nyingine.