Nyumba Isiyo na Chumba Changu

Bati limetoboka upande wa jikoni,
pale paa linapopinda juu kama pembe ya nyati.
Dada Yusnidar ameinua simu tuone sote:
mimi Bekasi, dukani, bisibisi mkononi,
Mjomba Syafrizal kule Pekanbaru, kofia kichwani hata ndani,
na Hendri, kitinda mimba, Melbourne, kwake saa sita ya usiku,
uso wake waganda, wacheza, waganda tena.

Maji yadondoka ndani ya sufuria. Twayasikia.
Hakuna wa kuanza; Mjomba hajakohoa.

Kuna mtu amekuja na gari jeupe, asema Dada,
alitaka shamba la mpunga, lile la chini ya kisima,
ajenge hoteli, watalii wapige picha.
Bei yake ingeezeka nyumba tatu.

Mama alikuwa akichambua pilipili.
Hakuinua kichwa.
"Mwambieni akamuulize bibi yangu.
Aliniachia nilishike,
hakusema niliuze."
Bibi yake alizikwa kabla redio haijafika Tanah Datar.

Mjomba akakohoa.
Akahesabu yale manne, kwa vidole, polepole:
shamba la ukoo haliuzwi, huwekwa rehani tu,
maiti ikikosa sanda,
mwali akikosa harusi,
cheo cha ukoo kikikosa wa kuvikwa,
na nyumba kubwa ikivuja.

"Inavuja!" akadakia Hendri, mdomo umeganda wazi,
tukacheka, hata Mama.

Rehani hatukuweka. Tulichanga.
Mimi nilituma vioo ishirini na vitatu vya simu,
ndivyo nilivyopiga hesabu:
kioo kimoja, bati moja,
kwa nyumba ambayo haijapata kuwa na chumba changu.
Vyumba ni vya dada zetu. Sisi wavulana
tulilala msikitini, mkeka na mto mmoja watatu,
hadi lilipokuja basi la kwenda mbali.

Leo jioni binti yangu, Kirana,
mama yake Mjava wa Klaten,
ameketi juu ya meza yangu ya kazi, miguu yaning'inia.
"Baba, mimi ni wa ukoo gani?"

Kwetu Minangkabau ukoo hupita kwa mama.
Kwa baba haupiti, hata akiezeka paa zima.

Nilikuwa nimefungua simu ya mteja.
Nikamwambia angoje kidogo,
kuna skrubu imeanguka, ndogo kama chembe ya mchele.

Anangoja.
Bado ninapapasa sakafuni.