Kopo la Kumi na Tatu

Machi tena, Arvid.
Usiku maji yanaganda, mchana paa linadondoka,
na ulisema hiyo ndiyo saa ya miti ya sukari:
baridi ikilala, jua likiamka, utomvu hupanda.
Basi nasi tumepanda, theluji magotini,
mimi dada yako nisiyejua kushika keekee,
Joelle na Ruben mgongoni,
na Signe mbele, kavaa kofia yako ya rangi ya chungwa
inayomfika puani.
Anaona kwa chini. Hajikwai.

Watu wa huku juu Michigan si wasemaji.
Kwenye matanga walileta vyungu vya viazi,
wakazoa theluji mlangoni petu
mpaka ukatokea uwanja tusiouhitaji,
wakaondoka.
Mzee Wiljami wa duka la chambo peke yake alifungua kinywa:
"Alinunua minyoo hamsini,
ishirini akampa mtoto akaiachie bustanini."
Kisha akavaa glavu zake, kimya, kidole kwa kidole.

Sote tulidhani barafu ndiyo itakayokuchukua.
Mama alihesabu nyufa za ziwa kila Aprili
kama mdaiwa anayehesabu riba.
Nami nilikutukana, nakumbuka,
siku ulipomvuta Signe kwenye sleji, miezi saba,
mablanketi matatu, pua tu nje,
ukamwinamisha juu ya shimo, samaki akapita,
ukasema, "Mwanangu, huyu ni jirani."
Lakini ziwa halikukugusa. Wala dubu, wala mti.
Ulifia dukani, Jumanne, kwenye foleni,
mkononi misumari ya banda la kuku,
miaka thelathini na mmoja,
moyo ukasimama
kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Misumari ninayo. Muuzaji alikataa pesa.

Makopo kumi na mawili tumeyatundika.
Mti wa nne tumeutoboa mara mbili, vibaya;
tuombee radhi huko uliko.
Tone la kwanza likagonga bati: ti.
Ruben akageuza kichwa,
akangoja la pili kama ulivyokuwa ukingoja wewe,
mdomo wazi.

Signe akachukua kopo la kumi na tatu
akaenda kwa ule mti mwembamba kando ya jiwe.
Mimi sheria niliisahau. Yeye hakuisahau.
Mlikuwa mmepatana: mti huu hautobolewi
mpaka mikono yake ishindwe kukutana nyuma yake.
Akavua glavu. Akaukumbatia.
Shavu kwenye gome, macho kafumba,
vidole vikatafutana upande wa pili,
vikapatana.
"Bado," akasema, kwa ule ukali wako wa uongo,
akalitundika kopo tupu tawini, la mwakani.

Sikumwambia kwamba mikono nayo hurefuka.
Mti ukiongeza unene wa kucha, yeye ataongeza shubiri,
na huenda wewe ulijua hilo, mjanja,
ulipiga hesabu yake hapa hapa, umechuchumaa,
ukijua hutoboi mti wowote,
unampa mtoto kitu cha kukumbatia kila Machi.
Au hukujua. Hukuwa mtu wa hesabu.
Banda la kuku lina kuta tatu.

Usiku tumechemsha nje, sufuria pana, kuni za msimu uliopita,
zile ulizozipasua mwenyewe.
Uliniambia makopo arobaini ya maji ya mti
hutoa moja la asali.
Leo ni siku ya arobaini yako, nimehesabu,
nikasimama mvukeni, mwiko mkononi,
na nilichopata hakijai kijiko.
Joelle amekuja, ameonja, hakusema kitu.
Ameongeza kuni.
Signe kalala kitini, kofia usoni,
na mikono, hata usingizini,
imefumbata mviringo wa kitu
kisichokuwepo pale.