Kulia na Kushoto

Yalikuja kwa mkokoteni, mawili, yamefungwa kamba ya katani,
makasha ya spika marefu kama mtoto wa darasa la tatu,
buluu ya mlango wa zahanati,
na Mama Risper Nyagilo nyuma yake, mwavuli umekunjwa,
akimkemea msukumaji kwa kila shimo la Kibuye.

"Nitolee rangi," alisema. "Nataka mbao.
Marehemu aliniapia ni mvule mtupu, wa Kampala.
Nataka niuone huo mvule kabla macho hayajaniishia."

Nikaanza na la kushoto.
Rangi haitaki pupa. Unaipaka dawa, unangoja,
inavimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji,
ndipo unapitisha kikwaruzo, taratibu, ukifuata nyuzi.
Chini ya buluu, kijani: miaka ya kanisa,
kwaya na mikesha.
Chini ya kijani, nyekundu: miaka ya klabu ya Nyalenda,
na juu ya kasha duara za chupa zimepandana
kama mihuri kwenye pasi ya msafiri.
Kisha vanishi, nyeusi, inanata.
Kisha (nilizima redio) mvule.
Nilitia kidole mate, nikaugusa,
ukaamka.

La kulia nililiendea nikipiga mluzi.
Buluu. Kijani. Nyekundu.
Halafu si vanishi: puti, nene kama ugali wa jana,
na chini ya puti vichwa vya misumari,
na chini yake ubao mwembamba wa sanduku la majani chai:
KERICHO, KILO HAMSINI,
na mshale wa kuonyesha juu
ukielekea chini.

Nikakaa kwenye kopo la rangi.
Ndani, panya walikuwa wametafuna koni wakajengea kiota,
lakini sumaku ilinyakua bisibisi yangu ikakataa kuiachia.
Nikapima pembe. Nikapima tundu.
Fundi yule, sijui nani, alifuatisha kila kitu,
hata kovu alilochonga ubavuni, pale pale
lilipo kovu la kushoto.
Hakuwa na mbao. Alikuwa na mkono.

Mama alipiga simu mara tatu.
Mara tatu nikamwambia njoo kesho,
uongo wa ukoo wetu sisi mafundi.
Niliwaza kununua ganda la mvule Kondele,
nilibandike, ninyamaze.

Alhamisi akaja bila kuitwa, mvua ndiyo kwanza inakatika,
viatu mkononi.
Akaweka kiganja juu ya la kushoto. Akakihamishia la kulia.
Akainamisha kichwa, akaisoma Kericho miguu juu.

"La kulia lilikuwa na mafua siku zote," alisema.
"Mwaka wa mafuriko alilala nje siku mbili,
akarudi na puti kwenye kucha. Ati alikuwa matangani.
Wiki hiyo hiyo ada ya Apondi ikalipwa.
Nilidhani ameuza ng'ombe wa kaka yake,
nikanyamaza nisije nikawa shahidi."

Akacheka mpaka akashika meza ya randa.
Nami sikujua kama nicheke.

"Funika," akasema.
"Yote mawili?"
"Yote mawili. Mtu alihangaika yafanane,
wewe ni nani uyaachanishe?"

Basi msasa, puti mpya, gundi kwenye pembe,
koni mpya, kitambaa nilichokitoa kwenye shuka.
Nyekundu: nilichanganya mara nne
akisema bado, bado, hiyo ni ya benki, bado,
mpaka nikaifikia ile ya duara za chupa.
Nyuma, upande unaoangalia ukuta,
niliacha upana wa kiganja bila rangi, huku na huku.
Hakuniagiza. Hajaniuliza.

Jioni tukaunganisha nyaya.
La kushoto likaitika mara moja, sauti ya kifuani.
La kulia likakohoa kwanza,
likakwaruza, likafuata.
Mama Risper akavuta kiti
akakaa upande wa kulia.