Mizani ya Sufu, Punta Arenas

Kompyuta ya ghala ina umri wa mbwa mzee,
miaka kumi na mmoja, na feni yake inakoroma.
Saa nne asubuhi, kila siku iendayo kwa Mungu,
antivairasi huamka kukagua mafaili,
na mimi, Eduvina, hukaa nimeshika kipanya
kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Nje malori matatu yananguruma kwenye upepo.
Robota liko juu ya mizani,
kilo mia moja themanini na nne, nayaona kwa macho,
lakini skrini inazungusha kiduara chake,
inazungusha,
na Nahuel dereva anagonga dirisha kwa pete ya ndoa.
"Bibie, sufu inanyonya mvua.
Ukizidi kuchelewa utanunua maji."

Nikaizima.
Sikumwambia Don Rosamel.
Bofya, una hakika? ndiyo, bofya,
na mashine ikavuta pumzi
kama kijana aliyevua koti la baba yake.
Risiti zikatoka motomoto. Nahuel akanipigia honi.
Siku tisa nilikuwa karani hodari kuliko wote kusini mwa dunia.

Usiku ndipo nilipoanza hesabu nyingine.
Dakika ishirini kila asubuhi, zidisha kwa msimu mzima:
hiyo ndiyo bei ya mlinzi, naijua hadi peso ya mwisho.
Na bei ya kumkosa?
Ni daftari la wafugaji mia mbili,
ni deni la mjane Auristela tangu theluji ile iliyoua kondoo,
limeandikwa mahali pamoja tu, humu ndani,
nyuma ya mlango niliouacha wazi ili nipate hewa.

Mwizi asiyekuja haachi alama ya kiatu.
Nani atanionyesha nilichookoa?

Siku ya kumi nimeiwasha tena.
Nimeisogeza tu, ikague saa saba mchana
tukiwa tunakula, mikono ikinuka mafuta ya kondoo.
Bado inakoroma. Bado Nahuel anagonga,
ingawa siku hizi mara moja tu.

Na faili moja limetiwa karantini, jina lake tarakimu tupu.
Lilikuja lini? Siku ya tatu? Ya nane?
Au lilikuwamo miaka yote, likitutazama tukipima?

Sijalifuta. Sijalifungua.
Naita robota linalofuata,
nasubiri namba itulie.